Namna ya Kupima Dawa za Hitilafu za Kurithi za Mdundo wa Moyo kwa Panya wa Maabara: Mwongozo Kamili

Mtoto wa miaka kumi anakimbia kwenye mchanga wa Coco Beach, anaanguka ghafla, anatetemeka, kisha baada ya muda mfupi anaamka bila kujua kilichompata. Nyumbani wengine watasema ni kifafa, wengine watasema amepandwa na jini, na hospitalini kipimo cha umeme wa moyo, ambacho wengi wetu hukiita ECG, kitatoka kikiwa safi kwa sababu mtoto amepimwa akiwa amelala kwa utulivu. Mojawapo ya magonjwa yanayoweza kujificha namna hiyo ni ule ambao madaktari huuita CPVT: moyo wenye umbo zuri kabisa ambao, mwenye nao anapokimbia, kuogelea au kushtuka, humwagiwa adrenalini na kuingia katika mbio hatari za ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo. Philippe Coumel na wenzake wa Ufaransa waliueleza ugonjwa huu mwaka 1978, na mwaka 2001 kundi la Silvia Priori nchini Italia likaonyesha kwamba jeni la RYR2, linalounda mlango wa kutolea kalsiamu ndani ya seli za moyo, ndilo lenye kasoro katika baadhi ya familia zenye ugonjwa huo.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupima, kwa panya wadogo wa maabara, kama dawa fulani inaweza kuzuia hitilafu ya namna hiyo. Nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili na mafundi wa maabara wa Dar es Salaam, wanaofanya kazi hii katika joto letu, kwa umeme wetu na kwa vifaa ambavyo mara nyingi husubiriwa miezi kadhaa. Mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni CPVT na dawa iitwayo flekainidi, kwa kuwa njia hiyo imekwishapitwa yote, kutoka kwenye tundu la panya hadi kwa mgonjwa, na alama zake zinaonekana. Nitasisitiza jambo moja kila nitakapopata nafasi: ukweli wa jaribio huamuliwa na mambo yaliyofanywa kabla ya sindano ya kwanza.

Hatua ya kwanza: chagua ugonjwa ambao panya anaweza kuubeba

Moyo wa panya aliye macho hupiga kati ya mara 500 na 700 kwa dakika, ilhali wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Tofauti hiyo si ya kasi tu. Baada ya kila pigo, seli ya moyo wa binadamu hurudi katika utulivu wake wa umeme kwa msaada mkubwa wa mikondo miwili ya potasiamu inayotegemea jeni za KCNH2 na KCNQ1, na jeni hizo ndizo zinazoharibika katika aina ya pili na ya kwanza ya ugonjwa wa QT ndefu, ambao moyo huchelewa kurudi katika utulivu huo. Panya aliyekomaa hutegemea mikondo mingine, ya haraka zaidi, kumaliza kazi hiyo. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kupima dawa ya aina hizo mbili kwa panya anauliza swali ambalo mnyama huyo hana namna ya kulijibu, na hata jaribio likiendeshwa kwa umakini wote, jibu lake halitamfaa mgonjwa.

Aina ya tatu ya QT ndefu, inayotokana na jeni la SCN5A na mkondo wa sodiamu usiofungika vizuri, inafaa zaidi, na panya wa aina hiyo wamekuwapo tangu 2001. CPVT inafaa kuliko zote, kwa sababu utaratibu wa kuhifadhi na kuachilia kalsiamu ndani ya seli ya moyo unafanana sana kati ya panya na binadamu. Wapo panya wa aina mbili wanaotumika sana. Wa kwanza wana badiliko la R4496C katika jeni la Ryr2, linalolingana na R4497C la binadamu, na walielezwa mwaka 2005. Kwao nakala moja yenye kasoro inatosha kuleta ugonjwa. Wa pili hawana kabisa protini iitwayo kalsekwestrini, inayoshika kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli, kwa kuwa nakala zote mbili za jeni la Casq2 zimezimwa, na walielezwa mwaka 2006. Uchaguzi kati yao utaathiri ukubwa wa koloni lako, kama tutakavyoona.

Hatua ya pili: vibali

Nchini kwetu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawahusu pia wanyama wa maabara, na hakuna kazi inayoanza kabla ya kamati ya maadili ya taasisi yako kupitisha andiko la utafiti. Watafiti wageni hupitia pia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na uingizaji wa panya hai au viinitete vilivyogandishwa unahitaji kibali cha mamlaka ya mifugo. Anza mapema, na uandike katika andiko lako mambo matatu bila kuzungukazunguka: kwa nini swali lako haliwezi kujibiwa kwa seli peke yake, kwa nini idadi ya panya unaoomba ndiyo ndogo kuliko zote zinazoweza kutoa jibu, na utafanya nini ili mnyama asiumie. Kamati ikiuliza maswali magumu, ishukuru, kwani maswali hayo ndiyo yatakayoulizwa na wasomaji wa matokeo yako.

Hatua ya tatu: chumba

Chumba cha panya kinatakiwa kuwa na joto la nyuzi 20 hadi 24, unyevu wa asilimia 40 hadi 70, na mwanga wa saa 12 kwa giza la saa 12. Katika jiji ambalo mwezi Februari joto la mchana huzidi nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu wa bahari, kutimiza sharti hilo ni kazi ya kila siku. Weka viyoyozi viwili vinavyopokezana, si kimoja kinachofanya kazi hadi kife. Weka kipimajoto kinachorekodi chenyewe kila baada ya dakika chache, kiwe na betri yake, ili umeme ukikatika saa nane usiku ujue asubuhi chumba kilifika nyuzi ngapi na kwa muda gani. Panya waliokaa usiku mzima kwenye joto la nyuzi 31 hawapimwi siku inayofuata, kwa sababu joto hubadilisha kasi ya moyo wao. Jenereta liwashwe na kujaribiwa kila wiki likiwa limebeba mzigo wote wa chumba. Kuwashwa tupu hakuthibitishi lolote.

Hatua ya nne: koloni na hesabu ya uzazi

Hapa ndipo wengi hukosea bajeti. Ukiwa na panya wa R4496C, mpandishe mwenye nakala moja ya kasoro na asiye na kasoro: nusu ya watoto watakuwa na ugonjwa, na nusu nyingine watakuwa ndugu zao wazima, ambao ndio kundi bora la kulinganishia kwa kuwa wamelelewa tundu moja na maziwa yaleyale. Ukiwa na panya wa Casq2 na ukataka ndugu wazima katika uzao huohuo, utawapandisha wazazi wawili wenye nakala mojamoja, na robo tu ya watoto ndiyo itakayokuwa na ugonjwa kamili. Kupata wagonjwa 24 kwa njia hiyo kunahitaji watoto wapatao 96, na kwa wastani wa watoto saba kwa uzao mmoja hiyo ni mizao takribani 14. Mweleze hivyo msimamizi wako kabla hajaahidi matokeo ya miezi mitatu.

Kila mtoto apimwe jeni kwa kipande kidogo cha sikio, na wale watakaoingia katika jaribio wapimwe mara ya pili baada ya jaribio kwa kipande kingine. Makosa ya kubadilishana lebo hutokea hata katika mikono mizuri, na panya mmoja mzima aliyehesabiwa kuwa mgonjwa ataifanya dawa ionekane imemponya. Tumia madume na majike kwa uwiano sawa, wenye umri wa wiki 10 hadi 16, na usiwachanganye kamwe na panya walionunuliwa kwingineko.

Hatua ya tano: andika mpango kabla ya kugusa sindano

Mpango wa jaribio uwe na kurasa chache, uwe na tarehe, usainiwe, na unakiliwe kwa mtu asiyehusika. Ndani yake andika kipimo kikuu kimoja tu. Kwa CPVT napendekeza hiki: je, panya alipata mbio za ventrikali ndani ya dakika 30 baada ya kuchokozwa kwa adrenalini na kafeini, ndiyo au hapana? Mengine yote, kama idadi ya mapigo ya ziada au muda hadi pigo la kwanza baya, yaandikwe kuwa vipimo vya pili. Anayechagua kipimo kikuu baada ya kuona karatasi za ECG amechagua jibu, hata kama moyoni ana nia njema.

Kisha fanya hesabu ya idadi. Tuseme unatarajia panya wanane kati ya kumi wasiopewa dawa wapate mbio za ventrikali, na dawa iwapunguze hadi wawili kati ya kumi. Ili uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5, utahitaji panya 10 hadi 12 kwa kila kundi. Lakini kama dawa itawapunguza hadi wanne tu kati ya kumi, jambo ambalo bado lingekuwa na maana kubwa kwa mgonjwa, utahitaji zaidi ya 20 kwa kila kundi. Nimeona maandiko yenye panya sita kwa kundi yakitangaza kwamba dawa haifanyi kazi, ilhali jaribio lenyewe halikuwa na macho ya kuona. Njia ya kupunguza idadi bila kuharibu jibu ni kumpa kila panya dawa na kiyeyushio kitupu kwa siku tofauti, zikiachana kwa wiki moja, huku bahati nasibu ikiamua kipi kitangulie. Hapo kila panya hulinganishwa na nafsi yake.

Kuficha makundi ndiko moyo wa kazi yote. Mtu mmoja, asiyeshika panya wala kusoma ECG, atengeneze chupa zilizoandikwa A na B na kuufungia ufunguo wa siri kwenye bahasha. Anayechoma sindano asijue, na anayesoma asijue. Panya wagawiwe kwa bahati nasibu ya kompyuta ndani ya kila uzao, si kwa kutoa tunduni anayeshikika upesi, maana anayeshikika upesi huenda ni yule mwenye moyo dhaifu.

Hatua ya sita: dawa, kichokozi na kiyeyushio

CPVT hulala hadi ichokozwe. Kichokozi kinachotumika kwa panya wa R4496C ni mchanganyiko wa adrenalini, miligramu 2 kwa kila kilo, na kafeini, miligramu 120 kwa kila kilo, vikichomwa tumboni kwa sindano moja. Adrenalini husukuma moyo, na kafeini huulegeza zaidi mlango wa kalsiamu. Tufanye hesabu ya panya wa gramu 25. Anahitaji miligramu 0.05 za adrenalini na miligramu 3 za kafeini, katika ujazo usiozidi mililita 0.25, yaani mililita 10 kwa kilo. Hivyo mchanganyiko wako unatakiwa kuwa na miligramu 0.2 za adrenalini na miligramu 12 za kafeini katika kila mililita. Chukua ampuli moja ya adrenalini yenye miligramu 1 katika mililita 1, pima miligramu 60 za unga wa kafeini, kisha fikisha ujazo wa mililita 5 kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Hakikisha unga ni kafeini tupu na si kafeini sitrati, kwa kuwa nusu tu ya uzito wa sitrati ndiyo kafeini. Tengeneza asubuhi ileile, funika kwa karatasi ya fedha ili mwanga usiingie, na ukiona rangi ya waridi, mwaga.

Kumbuka pia kwamba adrenalini hiyo ni nyingi mno. Ampuli moja anayochomwa mtu mzima ambaye moyo umesimama ni miligramu 1 kwa mwili mzima. Kwa uwiano wa uzito, panya huyu anapata zaidi ya mara mia moja. Shika sindano kwa heshima, usifunike tena kifuniko cha sindano iliyotumika, na usifanye kazi hii ukiwa peke yako chumbani.

Sasa flekainidi. Katika maabara yetu tuliwahi kuiyeyusha kwa maji ya chumvi ya kawaida, kama tulivyozoea kufanya kwa karibu kila kitu, tukachoma panya tisa, na jioni tukagundua chembe nyeupe zimetuama chini ya chupa. Flekainidi asetati huganda inapokutana na kloridi katika ujazo mdogo, hivyo hatukuweza kujua panya yupi alipata dawa kiasi gani, na panya tisa wakawa wamepotea bure. Hilo linaniuma hadi leo. Iyeyushe kwa dekstrozi ya asilimia 5, na kundi la kulinganishia lipewe dekstrozi hiyohiyo kwa ujazo uleule. Soma namna ya kuyeyusha kila dawa mpya kabla ya kuigusa, na iache chupa ya kwanza mezani kwa saa mbili uitazame dhidi ya mwanga.

Kuhusu kiasi, ipo kanuni inayolinganisha eneo la ngozi, ambayo huzidisha dozi ya binadamu kwa kilo mara 12.3 ili kupata ya panya. Mtu wa kilo 60 anayetumia miligramu 200 kwa siku anapata miligramu 3.3 kwa kilo, ambazo kwa hesabu hiyo zingekuwa kama miligramu 41 kwa kilo kwa panya. Binadamu huyo, hata hivyo, amezigawa mara mbili na kuzimeza, wakati panya wako atazipata zote tumboni kwa sekunde moja. Usiichukue namba hiyo kama dozi. Ichukue kama dari usilolifikia kwa siku ya kwanza. Anza chini sana, pandisha kwa hatua tatu katika panya wachache, chukua damu kila baada ya muda fulani, na pima kiwango cha dawa katika plazma. Kwa wagonjwa, flekainidi hulengwa kati ya mikrogramu 0.2 na 1.0 kwa mililita. Panya wanaoonyesha faida katika kiwango hicho wanasema jambo. Wanaoionyesha katika kiwango mara kumi zaidi wanazungumzia sumu.

Ukitaka kulinganisha na propranolo, ambayo ipo hata katika maduka yetu ya dawa na ni ya jamii ya dawa za kuzuia beta, zinazotangulizwa kwa wagonjwa wa CPVT, tafakari kwanza. Propranolo hufunga vipokezi vilevile ambavyo adrenalini yako inavigonga. Ikiwa panya hatapata mbio za ventrikali, utakuwa umeonyesha kwamba kichokozi kimezuiwa, jambo ambalo halitofautishi kati ya dawa inayorekebisha mlango wa kalsiamu na dawa inayomzuia mgeni asibishe hodi.

Hatua ya saba: kurekodi

Wazoeze panya kushikwa kwa siku tano kabla, mtu yuleyule, saa ileile. Siku ya jaribio, mlaze kwa aisoflureni: asilimia 3 hadi 4 hadi apoteze fahamu, kisha asilimia 1.5 au hata chini kidogo, kwa kuwa dawa ya usingizi ikizidi hupunguza nguvu ya kichokozi na kuificha hitilafu. Mchanganyiko wa ketamini na zailazini ni rahisi kupatikana, lakini huupunguza mwendo wa moyo wa panya kupita kiasi, na kwa kazi hii siupendekezi. Mlaze juu ya kitanda chenye joto kinachojirekebisha kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa, joto libaki nyuzi 37, na lirekodiwe kila dakika tano. Paka macho marhamu yasikauke.

Sindano ndogo za elektrodi huwekwa chini ya ngozi ya miguu, na mashine inatakiwa kuchukua angalau sampuli 2,000 kwa sekunde, kwa kuwa wimbi lote la QRS la panya, yaani umeme unaposambaa katika ventrikali, linadumu milisekunde 10 hadi 15 tu. Mashine za ECG za wodini hazifai, hata ukipewa bure. Mfumo mzima, pamoja na kitanda cha joto, uunganishwe kwenye betri ya akiba. Umeme ukiyumba, kompyuta inaweza kuendelea kurekodi huku kitanda kimepoa, nawe ukaja kusoma kupungua kwa kasi ya moyo ukidhani ni kazi ya dawa.

Rekodi dakika 10 za utulivu. Choma chupa A au B. Subiri muda uliouthibitisha katika vipimo vya plazma. Choma kichokozi, andika sekunde yake, na rekodi dakika 30 bila kugusa kitu. Mwishoni chukua damu ya kupima kiwango cha dawa.

Panya aliyelala si mtoto anayekimbia, na ikiwa fedha ipo, vipandikizi vidogo vya kurusha mawimbi ya moyo kwa redio ni bora zaidi: panya hupandikizwa, hupumzishwa siku 10 hadi 14 akiwa na dawa za maumivu, kisha hupimwa akiwa macho. Ushauri wangu kwa maabara changa ni kuanza na panya waliolala, na kuthibitisha kwa wachache walio macho.

Kama panya ataingia katika mbio zisizokoma na shinikizo la damu likaanguka, ongeza dawa ya usingizi na mmalizie kwa utaratibu ulioidhinishwa. Kifo kisiwe kamwe kipimo chako, maana mbio zenyewe zimeshakwambia ulichotaka kujua.

Hatua ya nane: kusoma mawimbi

Msomaji awe na ukurasa mmoja wa fasili mbele yake. Mapigo matatu au zaidi ya ventrikali yanayofuatana ni mbio za ventrikali. Yale ambayo mwelekeo wake hubadilika kila pigo, moja likitazama juu na linalofuata likitazama chini, ni alama mahususi ya CPVT, na yaandikwe peke yake. Wasomaji wawe wawili, kila mmoja peke yake, na wanapotofautiana aitwe wa tatu.

Upana wa QRS upimwe kabla na baada ya dawa kwa kila panya. Flekainidi hufunga milango ya sodiamu, na QRS inayopanuka ndiyo onyo la kwanza kwamba dozi imekuwa kubwa. Wapo wanaoacha kipimo hiki kwa sababu hakihusu swali lao kuu. Wangekumbuka jaribio kubwa lililoitwa CAST, ambalo mwaka 1989 lilionyesha kwamba flekainidi na enkainidi ziliongeza vifo kwa watu waliowahi kupata shambulio la moyo, ingawa zilikuwa zimenyamazisha mapigo yao ya ziada.

Kuhusu QT, yaani muda tangu ventrikali zianze kusisimka hadi zirudi katika utulivu, tahadhari na kanuni ya Bazett ya binadamu, inayoirekebisha QT kulingana na kasi ya moyo. Chukua panya mwenye QT ya milisekunde 50 na nafasi ya RR, yaani kutoka pigo hadi pigo, ya milisekunde 144. Kanuni ya binadamu itakupa milisekunde 132, namba isiyolingana na chochote kinachotokea katika moyo huo. Kanuni iliyorekebishwa kwa panya mwaka 1998 huigawa RR kwa 100 kwanza, kisha huchukua kipeuo cha pili na kuigawa QT kwa namba hiyo. Hapo 50 ikigawanywa kwa 1.2 inatoa takribani 42. Programu nyingi huja zikiwa zimewekwa kanuni ya binadamu, kwa hiyo fungua mipangilio uangalie.

Hatua ya tisa: kufungua bahasha

Bahasha ifunguliwe baada ya karatasi zote kusomwa, orodha ya panya walioondolewa kufungwa pamoja na sababu za kuwaondoa, na faili kunakiliwa mahali pawili. Kwa makundi mawili tofauti tumia jaribio la Fisher. Kwa panya waliopokea vyote viwili tumia la McNemar. Kinachohesabiwa ni panya. Panya mmoja akipata mbio 40 na mwingine zikamkosa, una panya wawili, huna matukio 40. Toa matokeo ya kila panya kwa nukta yake, pamoja na kiwango chake cha dawa, na ufuate mwongozo wa ARRIVE, uliohuishwa mwaka 2020, katika kuandika.

Ikiwa dawa imefanya kazi, jizuie kusema ni kwa nini. Mwaka 2009 kundi la Björn Knollmann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt lilionyesha kwamba flekainidi inazuia CPVT kwa panya wasio na Casq2 na kwa wagonjwa wawili, likapendekeza kwamba dawa inaufunga mlango wa kalsiamu wenyewe. Wengine wakajibu kwamba kufunga sodiamu peke yake kunatosha, na mabishano hayo yakaendelea kwa miaka. ECG ya panya mzima haiwezi kuyaamua. Seli zilizotenganishwa na kupakwa rangi ya kuonyesha kalsiamu ndizo zenye nafasi ya kusema.

Hatua ya kumi: kile unachomkabidhi daktari

Mwaka 2017 flekainidi ilichapishwa katika jaribio la wagonjwa 14, wakilinganishwa na dawa bandia huku wakiendelea na dawa zao za kawaida za kuzuia beta, na hitilafu zilipungua wakati wa mazoezi. Miaka minane ilipita kati ya panya na jaribio hilo, na haikuwa miaka ya uvivu.

Kwa hiyo ukienda kuzungumza na madaktari wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete au wa Muhimbili, usiende na mchoro mmoja wa kupendeza. Nenda na ukurasa unaosema: badiliko gani la jeni, panya wangapi wa kila jinsi, kiwango gani cha dawa katika plazma, QRS ilipanuka kwa kiasi gani, na panya wangapi walipata mbio licha ya dawa. Hao wa mwisho wachunguze kwa makini kuliko wote: angalia kama dawa iliwafikia damuni, na kama iliwafikia, uandike hivyo waziwazi, kwa kuwa daktari atakayemwona mtoto wa kule ufukweni atahitaji kujua kwamba kuna mioyo ambayo dawa hii huifikia na isiitulize.